Sahani ya Mwanafunzi Bumu Linapokata

Kwenye daftari lenye jalada la bluu, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Morogoro aliandika kila alichokula kwa wiki nane. Hakuandika bei wala hakujipima uzito. Aliandika chakula, saa aliyokila, na kinywaji alichoshushia. Jumatatu: chapati mbili na chai ya rangi, saa nne asubuhi. Wali maharage saa nane mchana, chai ya rangi tena. Usiku chipsi mayai na soda. Jumanne ikafanana na Jumatatu. Ukurasa wa sita una mstari mmoja tu kwa siku nzima: maandazi matatu, saa tano asubuhi. Chini yake karatasi ni nyeupe mpaka kesho yake.

Hakuwa anatafuta kupungua. Alikuwa ametoka zahanati, ambako alikwenda kueleza kizunguzungu kinachomshika akipanda ngazi za ukumbi wa mihadhara. Akapimwa malaria, haikuonekana. Akapimwa wingi wa damu, ukawa chini ya gramu 12 kwa desilita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa mstari wa upungufu wa damu kwa mwanamke asiye mjamzito. Alipewa vidonge vya madini chuma na kuambiwa arudi. Lakini kilichomkaa rohoni ni swali dogo la muuguzi: siku hizi unakula nini? Alifungua mdomo kujibu, akajikuta hana jibu. Ndipo akanunua daftari.

Hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 45 walikuwa na upungufu wa damu. Sababu zake ni nyingi, na ni kosa kuzitwika zote kwenye sahani: kuna malaria, kuna minyoo wa safura, kuna hedhi nzito, kuna uzazi wa kufuatana. Hata hivyo, sahani ndiyo sababu ambayo mwanafunzi hukutana nayo kila siku, na ndiyo anayoweza kuigusa leo bila kusubiri mtu.

Kwa aliyesoma chuo Tanzania, mwaka una misimu miwili isiyohusiana na mvua: msimu wa bumu na msimu wa kukata kwa bumu. Bumu ni jina ambalo wanafunzi wamezipa fedha za kujikimu zitolewazo na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023, posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Hesabu ni ya siku, lakini fedha haziji kwa siku. Huja kwa mkupuo, na mkupuo huo hukuta foleni imeshajipanga: kodi ya chumba, deni la dukani, simu iliyopasuka kioo, ndugu mdogo nyumbani anayehitaji sare. Wiki ya kwanza mtu anakula chipsi kuku. Wiki ya sita anapiga pasi ndefu.

Pasi ndefu ni msemo uliotoka uwanjani. Beki anaupiga mpira juu kwa juu hadi kwa mshambuliaji, viungo wa kati hawaugusi. Kwenye tumbo la mwanafunzi maana yake ni kwamba chai nzito ya asubuhi inarushwa moja kwa moja mpaka chakula cha usiku, na mchana unaachwa mtupu. Kuna anayelitaja jambo hili kwa kicheko, lakini ni njaa, na inafaa iitwe hivyo. Anayewahubiria vijana ulaji bora bila kuitaja fedha anawaonea.

Mwili wa kijana mwenye afya hauanguki kwa kukosa mlo mmoja. Ini huweka akiba ya sukari ya kuusukuma kwa saa kadhaa, na ikipungua, mwili huanza kuchoma mafuta. Hasara iko kwingine, na daftari la bluu liliionyesha waziwazi kuliko mhadhara wowote. Mwanafunzi huyu alipozungushia duara kila usiku aliokula chipsi mayai na soda, aligundua kwamba karibu duara zote ziliangukia siku za pasi ndefu. Mtu aliyeshinda na njaa mpaka saa mbili usiku hana subira ya kungoja ugali uive. Anakwenda penye kikaango kinachotoa moshi, anakula haraka, anakula kingi, na anataka kitu cha baridi na kitamu cha kushushia. Siku moja moja chakula cha haraka ndicho kilichokuwa nafuu. Siku nyingi kilikuwa kile tu kilichokuwa tayari.

Chipsi mayai yenyewe si adui. Ndani yake kuna mayai mawili, na yai moja lina takribani gramu 6 za protini iliyo bora. Kachumbari inayowekwa juu, yaani nyanya, kitunguu na kabichi mbichi, ni mboga halali. Tatizo ni mafuta yanayochemshwa leo, kesho na keshokutwa mpaka yanakuwa meusi na mazito. Mafuta ya namna hiyo huharibika na kutoa kemikali zisizofaa kwa moyo na mishipa. Tatizo jingine ni chumvi inayonyunyizwa jikoni, kisha ikanyunyizwa tena mezani, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Halafu kuna soda. Chupa ya mililita 350 ya soda ya kola ina karibu gramu 37 za sukari, kama vijiko tisa vya chai. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa ibaki chini ya sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 ni gramu 50. Soda moja na vikombe viwili vya chai yenye vijiko vitatu vitatu tayari vimeuruka mstari huo, na hapo maandazi hayajahesabiwa.

Chakula cha mchana, siku kilipokuwepo, kilitoka kwa mama lishe. Dar es Salaam wengi bado humwita mama ntilie, jina lililozaliwa na sauti za wateja wenyewe: mama, nitilie. Wanawake hawa, na masufuria yao chini ya turubai, ndio wanaowalisha wanafunzi, mafundi, makondakta na makarani wa nchi hii. Ukiitazama sahani yao kwa jicho la mtaalamu wa lishe utashangaa jinsi ilivyopangika: wali au ugali, maharage au samaki, mchicha au matembele pembeni, na mara nyingine kipande cha tikiti au ndizi mbivu.

Mwaka 2023 Tanzania Bara ilipata mwongozo wake wa kitaifa wa chakula na ulaji, unaogawa vyakula katika makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika; vyakula vya asili ya wanyama; jamii ya kunde, karanga na mbegu zenye mafuta; mboga; matunda; na mafuta yanayofaa kwa afya. Sukari, ambayo vizazi vilivyotangulia vilifundishwa darasani kama sehemu ya kundi la vyakula, haina kundi lake humo. Msomaji akiziweka sahani mbili za mama lishe sambamba na orodha hiyo, ataona kwamba makundi mengi yameguswa. Kinachokosekana mara kwa mara ni tunda, na kinachoharibu kazi ni kikombe kilicho kando ya sahani.

Kikombe hicho kinastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu hapa ndipo mwanafunzi wetu alipopata kile alichokuwa akikitafuta bila kujua. Maharage yana madini chuma. Mchicha unayo. Hata nafaka isiyokobolewa inayo. Lakini madini chuma ya mimea ni magumu kufyonzwa, na utumbo huchukua sehemu ndogo tu ya yale yaliyomo. Majani ya chai nayo yana tanini, kitu kile kinachoufanya ulimi ukauke chai ikikolewa majani. Tanini ikikutana tumboni na madini chuma ya maharage huyashika na kuyazuia yasipite kwenye ukuta wa utumbo. Kikombe kimoja cha chai pamoja na mlo wa mimea kinaweza kupunguza madini chuma yanayofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Kahawa hufanya vivyo hivyo, ingawa kwa nguvu ndogo kidogo. Na chai ya rangi saa nane mchana juu ya wali maharage ilikuwa imeandikwa kwenye daftari mara ishirini na saba.

Vitamini C hufanya kinyume chake. Huyashika madini chuma hayo hayo na kuyaweka katika hali ambayo utumbo unayapokea kwa urahisi, mradi viliwe pamoja. Ndimu iliyokamuliwa juu ya maharage inatosha kuleta tofauti. Chungwa linatosha. Pera linatosha zaidi, kwani kwa uzito ulio sawa lina vitamini C karibu mara nne ya chungwa. Ubuyu mweupe, ule ambao haujapakwa rangi wala kupikwa kwa sukari, nao uko katika mstari wa mbele. Samaki na nyama, hata kipande kidogo, husaidia kuyavuta madini chuma ya maharage yaliyo kwenye sahani moja nayo, mbali ya kuwa na madini chuma yao wenyewe ambayo mwili huyachukua bila shida kubwa.

Mwanafunzi huyu ni mzaliwa wa Muheza, mkoani Tanga, wilaya ambayo machungwa yake hujaza malori yanayokwenda Dar es Salaam na Mombasa. Amekua akiyaona machungwa yakioza chini ya miti msimu ukikolea. Morogoro alikuwa akilipita kila siku toroli la machungwa yaliyomenywa, akielekea kwenye chai. Aliposoma habari za tanini alicheka, halafu akanyamaza kidogo. Hakuacha chai, hakuna aliyemtaka aiache. Aliisogeza, ikawa ya saa kumi jioni, saa mbili hivi baada ya chakula, na nafasi yake mezani ikachukuliwa na chungwa.

Mama lishe wake alitaka kujua kulikoni.

“Leo chai hunywi, mwanangu?”

“Nitakuja kuinywa jioni, mama. Naomba unikamulie ndimu kwenye maharage.”

Dagaa walihitaji mapatano ya aina nyingine, mapatano na nafsi. Kwa wanafunzi wengi dagaa ni chakula cha bumu lililokata, ushahidi wa shida, na mtu akiwapika huufunga mlango. Ni dhuluma kwa samaki mwema. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Kenya huitwa omena na Uganda mukene, pamoja na dagaa wa Kigoma kutoka Ziwa Tanganyika, huliwa wazima, kichwa na mifupa yake. Kwa hiyo mlaji anapata kalsiamu ambayo hawezi kuipata kwenye kipande cha sato aliyetolewa miiba, anapata protini na madini chuma, na anapata yote hayo katika chakula kikavu kinachokaa miezi bila jokofu. Kwa mtu anayelipwa kwa mkupuo, chakula kinachokaa ni zaidi ya lishe; ni benki.

Hapo ndipo mwanafunzi na wenzake wawili, wanaopanga geto moja nje ya chuo, walipobadilisha jambo lililo kubwa kuliko chungwa. Siku bumu lilipoingia, kabla ya kulipa deni lolote, walichangishana wakanunua maharage, dagaa, unga, mchele, karanga, mafuta na mtungi wa gesi. Wakapanga zamu za kupika. Kwa mama lishe wakalipia kabisa milo ya mchana ya siku zenye vipindi vingi, naye akaweka alama kwenye kijitabu chake. Fedha iliyokwisha kugeuka maharage haiwezi tena kugeuka kitu kingine. Wiki ya saba chakula kilipungua, mboga ikawa ya siku kupita siku, lakini mistari mitupu kwenye daftari ikawa michache.

Ugali wao ulizua ubishi wa usiku mzima. Mmoja alitaka sembe, mweupe na mlaini. Mwanafunzi wetu, ambaye sasa alikuwa anasoma kila kitu kinachoandikwa juu ya chakula, alitaka dona. Kwanza walikubaliana kwa jambo moja: ugali na maharage ni ndoa yenye akili. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, ambayo maharage yanayo tele, na maharage yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Mbili zikikutana zinajazana. Waliobuni makande milimani Upare, na githeri katika nchi ya Wakikuyu, hawakuwa na maabara, lakini walichokiweka chunguni kinastahimili kipimo cha maabara.

Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini huondoka, na pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, mafuta na makapimlo, yaani nyuzinyuzi za chakula. Kuhusu makapimlo dunia ina deni kwa Afrika Mashariki. Mwaka 1946 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifika Uganda, akaanzia kazi Lira kabla ya kuhamia Hospitali ya Mulago, Kampala. Yeye na Hugh Trowell, daktari mwingine aliyefanya kazi Mulago kwa miaka mingi, waliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu kwa wanavijiji wa Uganda. Katika miaka ya 1970 walitangaza hoja yao: watu wale walikula viazi, ndizi, mtama na maharage, vyakula vyenye makapimlo mengi, ilhali Ulaya ilikuwa inakula unga uliochujwa. Baadhi ya hoja hizo zilipunguzwa makali na utafiti wa baadaye, lakini kiini chake kimebaki, na leo mikate ya unga usiokobolewa inauzwa London kwa bei ya juu. Inasikitisha kuona ukoo huo huo wa vyakula ukidharauliwa hapa ulikochunguzwa.

Aliyetaka sembe naye hakuwa mjinga. Alileta hoja ya sumukuvu, na ni hoja nzito. Fangasi wa mahindi na karanga zisizokauka vizuri hutoa sumu isiyoonekana, isiyo na ladha, na isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004 watu 125 walifariki Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 vifo vikatokea katika mikoa ya kati ya Tanzania, Dodoma na Manyara. Sumu hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo mahindi mabovu yakisagwa dona ni hatari kuliko yakikobolewa. Dona ni bora pale tu mahindi yalipo bora: yaliyokaushwa juu ya turubai, si juu ya udongo, yakachambuliwa kwa mkono, yaliyooza na kubadilika rangi yakatupwa. Kwenye unga wa dukani mnunuzi haoni hayo. Ubishi wa geto uliishia na uamuzi kwamba dona italiwa iwapo tu mahindi wanayajua yalikotoka.

Mboga haikuleta ubishi, isipokuwa namna ya kuipika. Mchicha unaochemshwa muda mrefu na maji yake kumwagwa hupoteza vitamini C na asidi ya foliki, kwa sababu zote mbili huyeyuka katika maji. Ukikaangwa haraka kwa mafuta kidogo, au ukaungwa kwa karanga au tui la nazi kama wafanyavyo watu wa pwani, unakuwa mtamu na mafuta hayo yanausaidia mwili kupata vitamini A. Wanafunzi wa Nairobi wana mboga ambayo jina lake linaeleza hesabu zao: sukuma wiki, ya kuisukumia wiki mpaka mwisho. Kalsiamu yake hufyonzwa vizuri kuliko ya mchicha, ambao una oksalati nyingi zinazoizuia. Shirika la Afya Duniani hutaka angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Hazifikiwi kwa kijiko kimoja cha matembele pembeni mwa mlima wa wali.

Kulikuwa na jambo moja ambalo daftari halikuliandika mwanzoni kwa sababu halikuonekana kuwa chakula: vinywaji vya kuongeza nguvu wakati wa mitihani. Kopo la mililita 250 huwa na takribani miligramu 80 za kafeini, na nusu yake bado huzunguka mwilini saa tano hivi baadaye. Anayelinywa saa nne usiku ili asome hulipa kwa usingizi, na usingizi ndio wakati ubongo unapopanga kile kilichosomwa.

Alipopimwa tena mwishoni mwa muhula, damu ilikuwa imepanda juu ya mstari. Vidonge vilifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kusema hivyo. Chungwa na dagaa kazi yao ni ya polepole: kuzuia isishuke tena vidonge vitakapokwisha.

Likizo alikwenda Muheza. Bibi yake alisikiliza habari zote za tanini na laisini, akamuuliza kama huko chuoni kumbe wanafundisha kupika. Kisha akachota mahindi ghalani, akayamwaga kwenye ungo, na wawili hao wakakaa ukumbini wakichambua punje kwa punje mpaka debe likajaa. Aliporudi Morogoro, mwanafunzi alisaga nusu tu, kwa sababu mafuta ya kiini huifanya dona ichache mapema. Nusu nyingine bado ni mahindi, imefungwa kwenye kiroba chini ya kitanda, ikisubiri wiki ya sita.